Siku Moja Epsom: Mbio za Farasi na Kamari ya Sebuleni



Tumeulizwa na wazazi wengi wanaoishi hapa Uingereza, khasa wale wenye vijana wa kiume, iwapo ni jambo la kufaa kuwachukua watoto kwenda kutazama mbio za farasi. Wengine huuliza kwa haya, kana kwamba wanauliza njia ya kilabu cha pombe. Hatuwalaumu. Katika nchi hii neno "mbio za farasi" na neno "kamari" yamefungwa kamba moja kwa muda mrefu hata mtu husahau kwamba ni wanyama wawili mbalimbali.

Tuanze basi na lile tulilosomeshwa chuoni. Mbio za farasi zenyewe hazina ila. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwashindanisha farasi waliofanyiwa mazoezi kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa, na wale ambao hawakufanyiwa mazoezi kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq. Na Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Na katika hadithi nyingine farasi wametajwa pamoja na ngamia na mishale kuwa ndivyo vitu ambavyo zawadi ya mashindano inajuzu. Ama kamari, hiyo imekatazwa katika Suratul Maida pamoja na ulevi, na wala hakuna mjadala juu yake. Mtawala au tajiri akitoa zawadi apewe atakayetangulia, hiyo ni zawadi. Watu wakiweka fedha zao ili mmoja ale za mwenziwe, hiyo ni kamari, hata kama farasi wenyewe wako mbali na hawana khabari. Mwenye kutaka ufafanuzi wa zaidi amwendee shekhe wake. Sisi si watu wa fatwa, na nia yetu hapa ni kueleza mahali tulipokwenda na tulichokiona.

Tulikwenda Epsom, kusini ya London, siku ya Jumamosi tarehe 4 Juni 2016. Tulikuwa familia tano. Ramadhani ilikuwa inabisha hodi, imebakia siku mbili, na akina mama walisema kwamba kama ni kutembea na watoto basi iwe sasa. Tuliondoka stesheni ya London Bridge asubuhi na vikapu vyetu vya sambusa, mikate ya kumimina na chupa za chai. Asubuhi hiyohiyo ndipo ilipoenea khabari ya kifo cha Muhammad Ali, aliyefariki usiku huko Arizona, Marekani. Ndani ya garimoshi wazee wetu hawakuzungumza farasi hata kidogo. Walizungumza Kinshasa ya mwaka 1974, na nani alikuwa na redio mtaani, na namna watu walivyokesha. Vijana walisikiliza kwa adabu, macho yao yakiwa kwenye simu.

Reli inaishia Tattenham Corner, na jina hilo ndilo jina la kona mashuhuri kuliko zote katika mbio za nchi hii. Ukitoka stesheni unatembea dakika chache tu, mara majumba yanakwisha na mbele yako panafunguka uwanda mpana wa majani, uliopanda na kushuka kama mawimbi, na upepo usiozuiliwa na kitu. Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba hakuna aliyetuuliza tiketi. Ng'ambo ya pili yako majukwaa makubwa ambako watu hulipa fedha nyingi na kuvaa kofia ndefu nyeusi. Lakini upande wa ndani, mahali panapoitwa Kilima, tuliingia kama tunavyoingia bustani ya mtaa. Uwanda ule una haki ya umma kutembea, na haki hiyo imeandikwa katika sheria ya mwaka 1984. Maskini na tajiri wamekuwa wakikusanyika hapo siku ya Derby tangu karne ya kumi na nane.

Mbio ya kwanza ya Derby ilikimbiwa mwaka 1780, na farasi aliyeshinda aliitwa Diomed. Wakati huo masafa yalikuwa maili moja. Mwaka 1784 yakafanywa maili moja na nusu, na ndivyo yalivyo mpaka leo. Hushindana farasi wenye umri wa miaka mitatu tu, kwa hiyo kila farasi hupata nafasi moja maishani mwake. Njia yenyewe si duara. Imepinda mfano wa kiatu cha farasi. Wanyama huanza kwa kupanda mlima mkali, kisha huteremka kwa kasi wakikata kona ya Tattenham kwa mkono wa kushoto, ndipo huingia katika mnyooko wa mwisho ambao nao umelalia upande mmoja. Tulipoutembea ukingoni tulifahamu kwa nini wajuzi husema kwamba Epsom humtoa farasi siri zake zote. Katika televisheni majani yale huonekana bapa kama zulia.

Papo hapo Tattenham Corner, tarehe ileile ya 4 Juni lakini mwaka 1913, bibi mmoja aitwaye Emily Davison, aliyekuwa akidai haki ya wanawake kupiga kura, aliingia njiani na kugongwa na Anmer, farasi wa Mfalme. Alifariki siku nne baadaye. Mabinti zetu walikwisha kusoma kisa hicho skuli, na wao ndio waliotusomesha sisi. Walisimama kwenye uzio kwa muda, wakipima kwa macho kasi ya mnyama na upana wa njia.

Msomaji mwenye kudhani kwamba haya yote ni mambo ya Wazungu na hayatuhusu, na asubiri kidogo. Farasi wa mbio wa nchi hii, wote duniani, nasaba zao za kiume zinarejea kwa farasi dume watatu walioletwa kutoka nchi za Mashariki. Mmoja alinunuliwa Halab, nchi ya Sham, na kuletwa Yorkshire mwaka 1704 na mtu wa ukoo wa Darley. Wa pili huitwa Mturuki wa Byerley. Wa tatu, Mwarabu wa Godolphin, alipitia Tunis na Ufaransa kabla ya kufika Uingereza. Sehemu kubwa kabisa ya farasi wa mbio wa leo wanatokana na yule wa Halab. Mzee mmoja wa Kizanzibari katika msafara wetu, mwenye asili ya Oman, alifurahi mno kwa jambo hili, na siku nzima kila farasi aliyepita alimwita "huyu mtoto wetu".

Na kuna uhusiano wa karibu zaidi. Aga Khan wa Tatu, yule aliyepimwa kwa almasi mbele ya jamaa zake mjini Dar es Salaam mwaka 1946, alishinda Derby mara tano, kuanzia mwaka 1930 mpaka 1952. Mjukuu wake, Aga Khan wa Nne, aliyefariki mwaka 2025, alikuwa na Shergar, aliyeshinda mwaka 1981 kwa kuwaacha wenziwe urefu wa farasi kumi, kisha akaibwa huko Ireland mwaka 1983 asionekane tena. Siku ile tulipokuwapo sisi, farasi wake aitwaye Harzand alikuwa miongoni mwa kumi na sita waliopangwa kukimbia, na asubuhi yake kiatu kilimtoka safarini akaumia ukwato. Mpaka karibu na saa ya mbio haikujulikana kama atakimbia au atarudishwa bandani.

Tuseme na mabaya, maana hatutaki mzazi aende akatulaumu. Pombe ni nyingi Epsom. Kuanzia saa sita mchana watu wengi walikuwa wamekwisha kulewa, na vijana wa kiume na wa kike walilala majanini kama waliopigwa. Kuna kelele za mabembea na muziki. Na kando ya uzio wamesimama wapokea dau, kila mmoja juu ya kibao chake, chini ya mwavuli, na ubao wa taa unaobadilika tarakimu kila dakika. Tuliwachagulia akina mama mahali mbali, mgongoni mwa Kilima, tukatandika mikeka. Saa saba na nusu tulisali adhuhuri kwa jamaa, na hakuna aliyetubughudhi. Bwana mmoja wa Kiingereza, aliyekuwa amekaa na wajukuu wake karibu nasi, alinyamazisha redio yake mpaka tulipotoa salamu, kisha akatuuliza tumebeba nini kwenye vikapu. Alikula sambusa nne.

Katika msafara wetu alikuwamo kijana mmoja ambaye jina lake tunalihifadhi, na ambaye ametupa idhini ya kueleza yafuatayo. Yeye ndiye aliyekuwa mjuzi wa farasi kuliko sote. Alikuwa akijua majina yao, baba zao, uzito wanaobeba, wapandaji wao, na aina ya ardhi inayomfaa kila mmoja. Elimu hiyo yote aliipata chumbani kwake, juu ya kitanda, kwa simu ya mkononi. Alianza na pauni mbili mbili. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu alikwisha kupoteza fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kumpasulisha mama yake jicho huko Tanga. Mkewe aligundua siku barua ya benki ilipoanguka mikononi mwake badala ya kwa mwenyewe. Jamaa walichanga, mama akapasuliwa, anaona, Alhamdulillahi. Lakini wazee walisema kwamba kumkemea tu hakutoshi, na mmoja wao akapendekeza aje nasi Epsom. Wengine walipinga: utampelekaje mtu mwenye maradhi ya kamari mahali panapochezwa kamari? Mabishano yalikuwa makali, na mpaka leo hayajakwisha. Hatimaye alikuja, bila ya simu na bila ya fedha mfukoni, akiwa katikati ya wajomba wawili.

Karibu na njia walipita askari wawili wa polisi juu ya farasi. Watoto waliwakimbilia. Kijana wetu naye alisogea, akasimama mbele ya farasi mmoja, asijue aweke wapi mikono. Askari akamwambia amguse shingo. Aligusa, akarudisha mkono haraka, kisha akageuka akamwambia mzee wetu, "Mjomba, kumbe wana joto namna hii."

Miaka mingi alikuwa nao, na hakupata kumgusa hata mmoja.

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji watufahamu vizuri, kwani kuna watu husema kwamba kamari ni ileile, ya uwanjani na ya nyumbani. Kwa hukumu ya dini ni ileile, na haramu haina daraja la kwanza na la pili. Lakini kwa namna inavyomla mtu, hazifanani. Mtu wa Epsom ana mbio saba katika siku nzima, na baina ya moja na nyingine ipo nusu saa au zaidi. Lazima atembee, apange mstari, atoe noti mkononi aione inavyokwenda. Mvua humnyeshea, na watu humwona. Jua likishuka farasi hurudishwa mabandani, na yeye hupanda garimoshi.

Mtu wa nyumbani hana jua la kushuka. Mbio za Uingereza zikimalizika zipo za Ireland, kisha za Marekani, na usiku wa manane huanza za Australia na Hong Kong. Na zikikosekana zote, kuna farasi wa kompyuta, wasiokula majani wala kutoa jasho, wanaokimbizwa na mashine kila baada ya dakika chache ili mtu asipate kupumzika. Mlango wa chumba umefungwa. Mke huona mumewe anasoma khabari. Watoto humwona baba ametulia, wakadhani amefurahi kuwa nao.

Zamani sheria ya nchi hii ilikuwa kinyume cha hivi leo. Tangu mwaka 1906 kupokea dau mitaani kulikuwa ni kosa, na aliyetaka kucheza kihalali kwa fedha taslimu ilimpasa aende uwanjani; matajiri tu ndio waliokuwa wakicheza kwa mkopo kwa njia ya simu. Maduka ya kamari yaliruhusiwa kuanzia tarehe 1 Mei 1961. Serikali iliyaamuru yawe mabaya kwa makusudi: madirisha yazibwe, pasiwe na cha kumvutia mtu kukaa, na televisheni hazikuruhusiwa ndani mpaka mwaka 1986. Waliotunga sheria ile walifahamu kwamba mlango ukiwa rahisi nyumba hujaa. Kisha ukaja mtandao, na leo duka liko ndani ya mfuko wa suruali, linang'ara, na linamwita mtu kwa jina lake.

Hesabu yake nayo ni nyepesi, na vijana wetu wenye kujigamba kwa hisabati na waipige. Chukua mashindano ya wawili walio sawa kabisa. Mpokea dau atakwambia weka pauni kumi na moja upate faida ya kumi. Mmoja anaweka kumi na moja upande huu, mwengine kumi na moja upande ule. Amekusanya ishirini na mbili. Anamlipa mshindi ishirini na moja. Moja inabakia kwake, na wala hakujali nani ameshinda. Ukirudia mara mia, yeye hana anachobahatisha. Wanaobahatisha ni wale wawili. Na farasi wakiwa kumi na sita, makato hayo huwa makubwa zaidi na magumu zaidi kuonekana.

Saa kumi na nusu alasiri Derby ilianza. Tuseme kweli: aliyekuwa nyumbani mbele ya televisheni aliona mbio hiyo vizuri kuliko sisi. Sisi tuliona nukta za rangi upande wa mbali, zikapotea nyuma ya watu, kisha ukimya wa ajabu ukaushika umati wote. Halafu tukahisi ardhi inatetemeka miguuni. Hilo televisheni haina. Walitokea kutoka kwenye kona, wameshikamana, na sauti ya kwato haikuwa kama ngoma, kama waandishi wanavyopenda kusema. Ilikuwa kama lori la mawe linamwagwa. Tulisikia wapandaji wakipiga kelele. Tulisikia pumzi za wanyama. Mtoto wa miaka sita alikuwa mabegani mwa baba yake, na akasema ameona jicho la farasi. Wakapita. Mbio nzima ilichukua dakika mbili na sekunde arobaini hivi, na sehemu yetu sisi haikufika sekunde kumi.

Aliyetangulia alikuwa yule Harzand, mwenye ukwato mbovu, na mpandaji wake Pat Smullen katika fulana ya kijani yenye mabega mekundu. Mzee wetu aliruka akasahau magoti yake. Hakuna katika sisi aliyepata senti wala kupoteza senti, na sauti zetu zilikauka kwa kushangilia. Kijana wetu hakushangilia. Alikuwa amekaa chini, jasho linamtoka, na mjomba mmoja akamshika mkono mpaka umati ulipotawanyika. Baadaye alitwambia kwamba Harzand ndiye ambaye angemchagua.

Twaona ni amana kulisema hilo kama lilivyokuwa. Safari ile haikumponya. Kilichomsaidia zaidi kilikuja baada yake: kumkabidhi mkewe kadi ya benki, kuhudhuria vikao vya watu wenye maradhi kama yake, na tangu mwaka 2018 kujiandikisha katika mpango uitwao GAMSTOP, ambao humfungia mtu milango ya kampuni zote za kamari za mtandaoni zenye leseni ya Uingereza. Mwaka 2020 kucheza kamari kwa kadi ya mkopo kulipigwa marufuku nchini humu, na benki nyingi sasa zina kitufe cha kuzuia malipo ya kamari. Mwenye jamaa wa aina hii asione haya kuviulizia vitu hivi. Na anayetuma fedha nyumbani kwa simu akumbuke kwamba simu ileile inayopokea karo ya skuli, kule Nairobi au Mombasa, ndiyo inayoweza kuipeleka kwa mpokea dau kabla ya jioni. Ni bora kulipa skuli moja kwa moja.

Wasomaji wetu walioko Ghuba wana jambo ambalo sisi hatuna. Dubai wamekuwa wakikimbiza Kombe la Dunia la farasi tangu mwaka 1996, na kuanzia 2010 katika uwanja wa Meydan, na mbio hizo zimepata sifa duniani pasipo madirisha ya kamari uwanjani. Fedha za zawadi hutolewa, wala si za watazamaji. Familia hukaa na watoto wao, na adhana husikika. Lakini usiku uleule, maelfu ya watu huku Uingereza huwekea dau farasi walewale, wakiwa wamelala vitandani. Uwanja msafi haumsafishi aliye mbali nao. Na kwa wale wa Lamu, wanaojua mbio za punda wakati wa Maulidi, hatuna la kuwaeleza kuhusu kelele za ushindi. Wao wanazijua kuliko watu wa Epsom.

Kwa watakaopenda kwenda: Derby hukimbiwa Jumamosi ya mwanzoni mwa Juni. Angalieni kalenda yenu kwa ajili ya siku kuu na mfungo, na ulizeni kabla kuhusu taratibu za Kilima kwa mwaka huo. Garimoshi la Tattenham Corner linawafikisha karibu zaidi kuliko la stesheni ya Epsom ya mjini. Chukueni mikeka, maji ya kutawadhia na makoti, kwani upepo wa pale hauna msimu. Fikeni kabla ya saa tano. Sisi tulisali alasiri baada ya mbio, tukasubiri saa nzima mpaka stesheni ilipopungua walevi, na watoto wakalala ndani ya behewa mpaka London Bridge. Wasiopenda zogo waende siku ya kawaida asubuhi, wakati farasi wa Epsom wanapofanyishwa mazoezi katika uwanda ule. Husimama mtu mbali kidogo, penye njia ya kupita watu, akawaona wanatoka ukunguni wawili wawili, wanatoa moshi puani. Wakati huo hakuna mwenye mwavuli wala ubao wa taa.